Hema Haisimami kwa Kamba Moja

(Mazungumzo ya mkatekista mbele ya vijana na wazazi, siku ya kufungua kambi ya Yubilei)

Kamati ya sherehe imenipa kazi mbili. Ya kwanza ni kuwafundisha vijana namna ya kusimamisha hema, maana watalala siku nne juu ya kilima cha misioni, na wote pia tunajua pepo za kilima kile wakati mvua zinapokaribia. Ya pili ni kuwaambia neno juu ya kukaa pamoja kwa amani, kwa sababu watafika kutoka vituo vyote vya parokia, na wengine kutoka parokia za jirani, wenye lugha na desturi mbalimbali. Nilipozitafakari kazi hizi mbili, niliona kwamba ni kazi moja tu. Atakayefahamu vema namna hema inavyoshindana na upepo, huyo amekwisha kufahamu nusu ya mambo ya kukaa pamoja.

Msiidharau hema mkisema ni nyumba ya maskini au mchezo wa watoto. Mtume Paulo alikuwa fundi wa hema. Kule Korinto alikaa katika nyumba ya Akila na Prisila, akafanya nao kazi hiyo ili apate chakula chake. Na sisi tuliopita katika seminari ndogo tulifundishwa kwamba neno la Kilatini tabernaculum, ambalo ndilo asili ya neno tabernakulo, maana yake ya kale ni hema tu: hema ya askari, hema ya msafiri. Basi tusione haya kusema habari za kamba na vigingi mbele ya kanisa.

I. Namna hema inavyosimama

Nyumba ya matofali inasimama kwa uzito wake. Hema haina uzito. Upepo wa kadiri tu waweza kuichukua kama jani. Basi inasimama kwa nguvu gani? Inasimama kwa sababu inavutwa pande zote. Kamba ya kushoto inavuta kwa kushoto, kamba ya kuume inavuta kwa kuume, ile ya mbele mbele, na ile ya nyuma nyuma. Ukizitazama, ungedhani kwamba kamba hizi zinagombana. Lakini ukikata moja, utaona kwamba ile iliyokuwa inashindana nayo ndiyo itakayoiangusha hema. Kila kamba inaihitaji ile inayoikabili.

Sasa upepo. Watu wengi hufikiri kwamba mbio za upepo zikiongezeka mara mbili, nguvu yake nayo imeongezeka mara mbili. Sivyo. Mbio zikiwa mara mbili, nguvu ya kusukuma inakuwa mara nne. Mbio zikiwa mara tatu, nguvu inakuwa mara tisa. Ndiyo maana hema iliyosimama vizuri jioni nzima yaweza kung'oka kwa dakika moja usiku. Tena upepo hausukumi tu, unavuta pia. Ninyi nyote mmeona mabati ya nyumba yakichukuliwa na tufani: hayaangukii ndani ya nyumba, yanaruka juu. Upepo unaopita kwa mbio juu ya paa unalinyonya paa kuelekea mbinguni. Likumbukeni jambo hili, maana litarudi katika hadithi nitakayowapa.

Kwa hiyo, vijana, shikeni maneno haya matano.

La kwanza: chagueni pahali kwa akili. Msisimamishe hema juu ya kilele, wala katika bonde ambamo maji ya mvua hupita, wala chini ya mikaratusi, kwa sababu matawi yake huvunjika bila kutoa habari.

La pili: upande mwembamba wa hema uelekee kule upepo unakotoka, na mlango uwe upande mwingine. Upepo ukiingia mlangoni, hema inakuwa kama mfuko uliojazwa pumzi, na vigingi havitaweza kuishika.

La tatu: kigingi kiinamie upande ulio mbali na hema, nacho kipigwe mpaka kichwa chake kikaribie udongo. Udongo ukiwa laini, wekeni jiwe zito juu yake, au zikeni gogo lililolala na kufunga kamba katikati yake.

La nne: kamba ziwe ndefu na zivutwe kwa mbali. Kamba fupi iliyosimama wima haizuii hema. Inang'oa kigingi chake yenyewe. Na ikiwa hema yenu imefumwa kwa pamba, legezeni kamba kidogo mvua inapoanza, kwa kuwa turubai na kamba za namna hiyo hujikaza zikilowa.

La tano: upepo ukizidi nguvu zenu, msishindane nao kwa kiburi. Ondoeni miti ya hema mbele haijavunjika, lazeni turubai chini, wekeni mawe juu yake, kiisha nendeni wote pamoja katika nyumba ya masomo, mkihesabiana majina. Mkisikia radi, msingoje upepo; ondokeni mara moja. Milima yetu ya mashariki ni kati ya pahali pa dunia panapopigwa na radi nyingi kuliko pengine, na turubai haizuii radi hata kidogo.

Hayo ni ya mikono. Sasa tuje kwa yale ya moyo.

II. Wasafiri watatu katika giza

Katika habari zote za watu waliolala hemani wakati wa tufani, sijui moja inayopita ile ya Waingereza watatu kule Antaktika, nchi ya barafu iliyo upande wa kusini kabisa wa dunia. Ilitokea mwaka 1911, katika msafara wa Kapiteni Robert Falcon Scott. Mmoja wa hao watatu, Apsley Cherry-Garrard, aliiandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1922.

Kapita wa safari alikuwa Edward Wilson, mganga na mchoraji, mtu wa sala, mwenye miaka 38. Wa pili, Henry Bowers, alikuwa mwanabahari wa jamaa isiyo na mali, mwenye miaka 27, mfupi wa kimo, mwenye nguvu za kushangaza. Wa tatu ni huyo Cherry-Garrard, kijana wa miaka 25, mrithi wa mashamba makubwa, aliyetoa fedha zake mwenyewe ili akubaliwe katika msafara. Macho yake yalikuwa mabovu, na katika baridi ile hakuweza kuvaa miwani, kwa kuwa vioo viliganda. Tazameni basi: mganga, mwanabahari asiye na kitu, na tajiri asiyeona vizuri. Kwao Uingereza pengine wasingekula katika meza moja. Upepo haukuwauliza jambo hilo.

Walitafuta nini? Mayai ya ndege. Wataalamu wa siku zile walidhani kwamba kifaranga cha pengwini mkubwa, akiwa bado ndani ya yai, angeweza kuonyesha namna ndege walivyotokana na wanyama wa jamii ya mijusi. Lakini ndege huyo hutaga wakati wa baridi kali, katika miezi ambayo kule jua halitoki hata saa moja. Hivyo iliwalazimu kusafiri gizani.

Walitoka Cape Evans tarehe 27 Juni 1911 kwenda Cape Crozier, mwendo wa kilometri zaidi ya 100. Hawakuwa na mbwa wala farasi. Walivuta kwa miili yao vigari viwili vya kuteleza juu ya theluji, vyenye mizigo ya karibu kilo 340. Theluji ilipokuwa ngumu kama mchanga, hawakuweza kuvivuta vyote viwili pamoja: walivuta kimoja, wakarudi nyuma kwa nuru ya mshumaa kukichukua cha pili, hivyo kwa kila kilometri moja ya kwenda mbele walitembea tatu. Baridi ilifika digri 60 chini ya sifuri. Siku moja Cherry-Garrard alitoka hemani, akainua kichwa kutazama huku na huku, na papo hapo nguo zake ziligandamana. Akavuta kigari saa nne akiwa na kichwa kilichoinuka hivyo hivyo. Jasho lao liliganda ndani ya mifuko ya kulalia, mifuko ya ngozi, hata kuingia humo jioni kulikuwa kazi ya muda mrefu na ya maumivu.

Walifika baada ya siku 19. Juu ya mtelemko wa mlima, karibu na ndege hao, walijenga kibanda cha mawe na theluji. Kigari kimoja kilikuwa mwamba wa paa, na paa lenyewe lilikuwa turubai. Hema yao waliisimamisha karibu na mlango. Tarehe 20 Julai walishuka kwa shida kubwa mpaka pahali pa ndege, wakapata mayai matano. Mawili yalivunjika njiani, matatu yakabaki. Usiku ule, walipokuwa wanapika, tone la mafuta ya moto liliruka likamwingia Wilson jichoni. Akateseka sana, wala hakusema kwamba safari ikome.

III. Usiku ambao hema ilichukuliwa

Tarehe 22 Julai, mbele ya mapambazuko ambayo hayakuwapo, tufani ikaanguka juu yao. Bowers alitoka nje, akarudi na habari mbaya: hema imekwenda. Upepo ulikuwa umeinyakua yote nzima, na vitu vilivyokuwa ndani yake vimebaki chini juu ya theluji. Walivikusanya kimoja kimoja gizani, wakipokezana kutoka mkono hata mkono, wakaviingiza kibandani.

Fahamuni maana ya jambo hili. Bila hema hawakuwa na namna ya kurudi. Zaidi ya kilometri 100 ziliwatenga na nyumba yao, na katika baridi ile mtu asiye na hema hamalizi siku nyingi. Kila mmoja wao alilijua hilo. Hakuna aliyelisema ili kuwavunja moyo wenzake.

Waliobaki na kibanda wakajaribu kukilinda. Lakini paa lilifanya lile nililowaambia juu ya mabati: upepo uliopita juu yake ulilinyonya kwenda juu. Walipanga mawe juu ya turubai, na turubai ikayainua. Siku ya Dominika, tarehe 23 Julai, ambayo ndiyo siku ya kuzaliwa kwake Wilson, paa lilipasuka vipande vipande, na theluji ikawaangukia.

Hapa kuna jambo dogo ambalo naomba kila kijana alishike. Katika makelele yale, Cherry-Garrard, nusu ya mwili wake ikiwa bado nje ya mfuko, aligeuka ili amsaidie Wilson kuingia katika wake. Wilson akamwamuru aingie kwanza yeye mwenyewe. Kijana hakusikia, akaendelea kumsaidia. Ndipo Wilson alipoinama, akaweka kinywa chake juu ya sikio la kijana, akamwomba kwa neno moja: tafadhali. Kapita wa safari, mwenye jicho lililoungua, bila paa wala hema, alisema tafadhali. Na Cherry-Garrard, alipoandika kitabu chake baada ya miaka 11, alikuwa bado anaikumbuka sauti ile na uchungu uliokuwa ndani yake, kwa maana Wilson alijiona kuwa ndiye aliyewaleta hapo.

Walilala wamefunikwa na theluji, bila chakula cha moto, hata siku ya pili yake. Mara kwa mara mmoja alimgusa mwenzake ili ajue kama yu hai bado. Bowers aliita akisema hawajambo. Waliimba nyimbo za kanisa, na sauti zao zilipotea katika upepo, lakini walizidi kuimba. Upepo ulipopungua siku ya jumatatu, walijifunika kwa turubai ya kutandika chini, wakawasha jiko la petroli, wakapika chai na nyama. Ndani ya chai mlikuwa na manyoya na uchafu wa namna zote, na Cherry-Garrard aliandika kwamba hawatasahau kamwe utamu wake.

Kiisha wakatoka kutafuta hema, bila tumaini kubwa. Bowers aliiona, chini ya mtelemko, mwendo wa nusu saa au chini yake. Ilikuwa nzima. Ilipochukuliwa, miti yake ilijikunja pamoja kama mwavuli uliofungwa, kwa hiyo upepo haukupata pahali pa kuishika tena, ikaanguka. Walirudi nayo polepole, kila mmoja ameishika kwa mikono miwili. Na usiku uliofuata Bowers alijifunga kamba mwilini, akaifunga ncha ya pili katika hema, akisema kwamba ikienda, na yeye atakwenda nayo.

IV. Tafadhali na asante

Tarehe 1 Agosti 1911 walifika Cape Evans, nguo zao zimekuwa ngumu kama mbao, na mifuko yao ya kulalia imeongezeka uzito zaidi ya mara mbili kwa barafu iliyojaa ndani. Katika kurudi, Bowers alikuwa na kifuko laini cha manyoya ambacho hajakitumia. Alimwona kijana tajiri akitetemeka kila usiku, naye akamsihi akipokee. Cherry-Garrard alikataa mara kadhaa kwa sababu aliona vibaya kuchukua kitu cha mwenzake. Mwisho alikubali, akalala.

Mzee huyu wa kitabu anashuhudia jambo ambalo kwangu linapita mambo mengine yote ya safari ile. Anasema kwamba katika siku zile zote hawakuacha kuambiana tafadhali na asante, na kwamba hakuna neno la hasira lililotoka kinywani mwao.

Ndugu zangu, sisi tunadhani kwamba adabu ni pambo la siku za sikukuu, na kwamba shida ikizidi, mtu ana ruhusa ya kuiacha. Watu hawa walitenda kinyume. Kadiri upepo ulivyozidi, ndivyo walivyozidi kushika maneno hayo madogo, kama vile mtu anayekaza kamba wakati hema inapotikisika. Walijua kwamba hasira ya mmoja ingewang'oa wote watatu.

Nayaona mafundisho matatu.

Kwanza, wema sherti utangulie upepo. Hakuna apigaye kigingi vizuri katikati ya tufani; kigingi hupigwa mchana kungali kimya. Vivyo hivyo, yule asiyesema asante akipewa sahani ya ugali siku ya amani, hatalipata neno hilo usiku wa taabu.

Pili, wema ni kitu kinachoshikika mkononi. Hatusomi kwamba Bowers alitoa mafundisho marefu juu ya upendo. Alitoa kifuko cha manyoya. Kambini, wema ni kamba ya akiba, ni kushika mti wa hema ya jirani wakati mwenye hema anatafuta kigingi, ni maji ya moto, ni kumpa mtoto wa watu pahali pakavu pa kulala.

Tatu, sherti tujue kupokea. Kuna watu wanaopenda kusaidia lakini hawapendi kusaidiwa, na wanaiita tabia hiyo unyenyekevu. Cherry-Garrard alipokipokea kile kifuko, alimpa Bowers furaha ya kumtendea mwenzake mema. Kamba inayovuta bila kuvutwa haishiki kitu.

V. Wema haununui wokovu wa mwili

Nisiwadanganye ninyi vijana. Msidhani kwamba wenye wema huokoka daima. Wilson na Bowers walikwenda na Scott mpaka ncha ya kusini ya dunia, wakafika mwezi wa Januari 1912. Katika kurudi, tufani iliwazuia hemani, kilometri 18 tu kutoka pahali palipowekwa chakula, na humo walikufa wote watatu mwezi wa Machi. Tarehe 12 Novemba 1912 wenzao waliokwenda kuwatafuta, Cherry-Garrard akiwa kati yao, waliiona hema ile. Ilikuwa imesimamishwa vizuri, nayo ilikuwa imevumilia majira yote ya baridi. Waliondoa miti ya mianzi, wakaishusha turubai juu ya miili, wakajenga chungu ya theluji na kuweka msalaba.

Na yale mayai matatu? Cherry-Garrard aliyapeleka mwenyewe katika nyumba ya makumbusho ya London mwaka 1913, akapokewa bila heshima yoyote. Wataalamu walipomaliza kuyachunguza na kutoa habari mwaka 1934, waliona kwamba hayakuongeza mengi katika elimu yao. Basi, kile walichokifuata kwa mateso yote yale kilikuwa kidogo. Kile ambacho hawakukifuata, yaani namna walivyotendeana njiani, ndicho kinachosomwa mpaka leo.

VI. Kambi yetu

Sasa nirudi kwetu. Si watu wote wanaolala hemani kwa furaha. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo uliingia mjini Goma. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulitapika tena. Na vita vya miaka mingi vimewalaza ndugu zetu, wababa na wamama wenye watoto, chini ya turubai za plastiki juu ya mawe makali ya volkano, ambayo hayakubali kigingi. Waliopita katika makambi hayo wanajua kwamba usiku wa upepo, msaada wa kwanza haukutoka mbali. Ulitoka kwa jirani, aliyeamka akaweka jiwe juu ya turubai ya mjane. Kati ya ninyi mnaonisikiliza wamo waliowekewa jiwe hilo, na wamo walioliweka.

Kwa hiyo naingia katika neno lililo zito, nami nalisema kwa heshima mbele ya wazazi. Wababa na wamama fulani wameiomba kamati kwamba hema zipangwe kwa vituo na kwa lugha, kusudi watoto wao walale na watoto wanaojulikana. Siwalaumu. Wanayo sababu, na wengine wao wana vidonda ambavyo si mimi wa kuvihesabu. Mzazi aliyepoteza mtu hulala kwa jicho moja. Walakini nawasihi waniruhusu kusema lile ninaloliona.

Tukizipanga hema kwa lugha, usiku wa upepo kila kundi litashika kamba zake tu. Hema ya wageni, wasiokijua kilima chetu, itaondoka ya kwanza, na turubai iliyong'oka haiulizi kabila. Itaziangukia hema zote zilizo chini ya upepo. Tena tutakuwa tumewafundisha watoto wetu, katika mwaka wa Yubilei, kwamba jirani ni yule tu unayefahamu lugha yake. Kesho mlima ukitapika tena, au tufani nyingine ikija, watakimbilia pahali pamoja bila kujuana majina. Ni afadhali wajuane sasa, wakiwa na chakula na nyimbo.

Naomba basi Kamati na Baraza la Parokia wakubali mpango huu. Hema moja iwe na vijana wa vituo vitatu kwa uchache, wavulana upande wao na wasichana upande wao, na kila hema iwe na mkubwa mmoja anayejulikana na wazazi. Wageni wa parokia za jirani wawekwe katikati, pahali panapokingwa. Kila hema ilete kamba mbili za akiba na vigingi vinne zaidi, si kwa ajili yake yenyewe, bali kwa ajili ya hema iliyo kwa kuume kwake. Usiku vijana wawili wakeshe kwa zamu, mmoja wa lugha hii na mmoja wa lugha ile, na kazi yao ya kwanza wanapoamka iwe kuzipitia kamba za jirani mbele ya kuzitazama zao. Na mzazi mwenye wasiwasi asibaki nyumbani na wasiwasi wake: aje alale nasi. Nitamtafutia pahali karibu na jiko la wamama.

Mimi mwenyewe nitalala kilimani siku zote nne. Watoto wangu wawili wamo katika orodha, nami nimemwomba kiongozi wa kambi awaweke katika hema mbili mbalimbali, pamoja na watoto ambao wazazi wao siwajui bado.

Vijana, baada ya Misa njoni katika gala ya misioni. Kamba ziko tayari, na mafundi wawili watawaonyesha namna ya kufunga mafundo matatu: lile la kukaza, lile lisilojifungua, na lile linalofunguka upesi wakati wa hatari. Jifunzeni hayo matatu mpaka mikono yenu iyajue gizani. Na mtakapopokea kamba kutoka kwa fundi, msisahau kumwambia asante.

Mungu ailinde kambi yetu na watu wote wanaolala usiku huu chini ya turubai.

Tumsifu Yesu Kristu!